Meli ya vipande 9,090 ipimwe kwa kigezo gani?

Novemba 2021, kampuni ya Lego ya Denmark iliingiza sokoni Titanic ya matofali ya plastiki: vipande 9,090, urefu wa sentimita 135, bei ya dola 629.99 za Marekani, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikaribia shilingi milioni moja na nusu za Tanzania. Kila meli kubwa ya aina hii inapotoka, watu huuliza maswali mawili: ina vipande vingapi, na inafanana kiasi gani na meli yenyewe? Ni maswali ya haki, ila hayafiki mbali. Naamini kazi kama hii inapaswa kupimwa kwa kile ambacho mjenzi amekielewa kuhusu meli halisi anapopachika kipande cha mwisho. Kwa kipimo hicho, meli ghali inaweza kustahili kila senti yake, au ikabaki kuwa pambo la sebuleni lenye bei ya kutisha.

Tuanze na idadi. Ukigawanya bei kwa vipande, kila kipande cha Titanic kiliuzwa kwa takriban senti saba za dola. Mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ilitoa ramani ya dunia ya kutundika ukutani, yenye vipande 11,695, kwa dola 249.99, yaani kama senti mbili kwa kipande. Anayepima kwa hesabu hana budi kutangaza kwamba ramani ina thamani mara tatu ya meli. Lakini sehemu kubwa ya vipande vya ramani ile ni vidude vidogo vya mviringo vinavyopachikwa kimoja kimoja juu ya ubao bapa, na ukishajua kupachika cha kwanza umeshajua vyote. Katika meli, kipande kimoja kinabeba sitaha, kingine kinafunga ubavu, kingine ni mhimili unaozungusha rafadha. Hesabu inavitia vyote kwenye kapu moja. Inakwambia umeuziwa plastiki kiasi gani, na inanyamaza kuhusu ulichojenga nayo.

Kufanana nako kuna mipaka yake. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 269, na mfano umepunguzwa mara 200. Kwa uwiano huo, kinundu kimoja cha tofali, chenye nafasi ya milimita 8, kinawakilisha mita 1.6 za meli, na kipande bapa cha kawaida, chenye unene wa milimita 3.2, kinawakilisha sentimita 64. Mtu wa urefu wa mita 1.7 angekuwa na milimita 8.5 tu, mfupi kuliko tofali moja la kawaida lenye kimo cha milimita 9.6. Hakuna namna ya kutengeneza ukingo wa sitaha au kamba ya mlingoti kwa unene wake wa kweli katika vipimo hivyo. Kwenye omo na tezi, ambako mabamba ya chuma yalipinda polepole, matofali hupinda kwa hatua. Fundi wa mbao mwenye tupa na msasa anaufuata mkunjo ule mpaka mwisho, na katika shindano la sura peke yake atamshinda mjenzi wa matofali mchana kweupe. Anayeihukumu meli ya matofali kwa ulaini wa mbavu zake anaipa mtihani wa chombo kingine.

Nguvu ya matofali iko kwenye mpangilio na kwenye yale yaliyofichika ndani. Titanic hii imegawanywa sehemu tatu zinazoachana. Mistari miwili ya viungo inaonekana ubavuni, na wapo wanaoihesabu kuwa dosari. Kwa macho ni dosari kweli, lakini pasipo mistari hiyo meli isingefunguka. Ikifunguka, unaiona ngazi kuu ya daraja la kwanza ikipita sitaha baada ya sitaha, na chini kabisa chumba cha boila. Meli halisi ilikuwa na boila 29, zikilishwa makaa ya mawe kwa mikono, zaidi ya tani 600 kwa siku. Kwa kuwa matofali hupandishwa kutoka chini, mikono ya mjenzi hupita kwa wachochea moto kabla ya kufika kwa abiria matajiri, na mjenzi makini hawezi kuusahau utaratibu huo. Ukizungusha rafadha kule tezi, pistoni za injini ndani hupanda na kushuka. Hapo inafaa kuuliza kwa nini meli halisi ilikuwa na rafadha tatu, na jibu linafundisha: mbili za pembeni ziliendeshwa na injini za pistoni, na ya kati ikaendeshwa na tabo iliyotumia mvuke uliokwisha kupita kwenye injini hizo. Ukihesabu dohani utakuta nne, lakini ya nne haikuwa ya boila hata moja. Kazi yake kubwa ilikuwa kupitisha hewa.

Panda sasa sitaha ya juu kabisa, uangalie mashua za uokoaji. Katika meli halisi zilipangwa kundi moja upande wa omo na jingine upande wa tezi, katikati pakaachwa peupe. Titanic ilibeba mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, ilhali ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,200. Haikuvunja sheria, maana kanuni za Uingereza za wakati ule zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, hazikuhesabu vichwa vya watu. Kitabu kinaweza kulieleza jambo hilo kwa kurasa kadhaa. Mtu aliyezipachika mashua zile kwa vidole vyake, akaona nafasi iliyobaki wazi, anaelewa uzito wa kanuni mbovu bila kuhitaji kushawishiwa.

Kwamba chombo kidogo kinaweza kubeba maarifa ya chombo kikubwa si jambo geni kwa watu wa pwani yetu. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari na kusukumwa na tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne iliyopita. Mengi tunayoyajua leo kuhusu umbo lake yametokana na picha za zamani, maandishi ya wasafiri, na mifano midogo iliyotunzwa katika makumbusho kama ile ya Lamu. Mtafiti anayeutazama mfano wa mtepe huangalia kamba imepita wapi, ubao umekutana vipi na mwenzake, na mkuku umeanzia wapi. Bei yake dukani na idadi ya mishono yake hazimsaidii kitu.

Wapo watakaosema kwamba kufuata kitabu cha maelekezo si ujenzi, ni utii. Pingamizi hilo lina ukweli: anayefuata maelekezo hajabuni meli. Lakini mpiga kanuni anayepiga wimbo uliotungwa na mwingine hatumwambii kwamba hajui muziki. Tunasikiliza kama ameuelewa. Anayetaka kubuni, njia iko wazi. Mvulana mmoja wa Iceland alijenga Titanic yenye urefu wa zaidi ya mita sita kwa matofali 56,000, akisaidiwa na babu yake mhandisi kugeuza michoro ya meli kuwa vipimo vya matofali. Hata yeye basi alianza kwa kusoma mpango uliochorwa na wengine. Tofauti yake na mnunuzi wa boksi ni kina cha usomaji, na kina hicho ndicho ninachotaka kipimwe.

Pingamizi la bei ni zito zaidi. Kwa familia nyingi za kwetu, dola 630 ni karo ya mwaka, na hakuna hoja ya kisanaa inayoweza kulifuta hilo. Sehemu ya gharama ina maelezo: meli ya sentimita 135 ina takriban vinundu 168 kutoka omo hadi tezi, na kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita katika kila kinundu lingefikia karibu sentimita 1.7 mwishoni, kiasi cha kuharibu viungo vyote. Usahihi huo una bei. Lakini bei inapopanda, hukumu nayo ikaze. Safu ndefu za madirisha yanayorudiwa ubavuni zinakubalika, kwa kuwa meli yenyewe ilijengwa kwa marudio, ribiti zaidi ya milioni tatu zikipigwa moja baada ya nyingine. Marudio yanayojaza boksi tu ili namba iwe kubwa yastahili kuandikwa kama kasoro, bila kuoneana haya.

Pingamizi la mwisho linagusa utu. Zaidi ya watu 1,500 walikufa Aprili 15, 1912. Je, ni heshima kuugeuza msiba wao kuwa burudani ya wikiendi? Jibu langu linategemea kipimo kilekile. Mfano unaoonyesha anasa ya ngazi na kuuficha moto wa boila au upungufu wa mashua ungekuwa dharau. Unaomfanya mjenzi ajue nani alifanya kazi wapi, na kwa nini nafasi hazikutosha, unawatendea haki waliozama kuliko jiwe la kumbukumbu ambalo wapita njia hawalisomi.

Kwa hiyo atakayeketi kuhukumu meli kama hii, iwe kwenye shindano, gazetini au dukani, aliweke boksi kando na kumuuliza aliyeijenga maswali ya meli. Kwa nini sehemu hii imefunguka hapa? Rafadha ya kati inaendeshwa na nini? Mashua zingetosha watu wangapi? Mjenzi akijibu, kazi imefanikiwa, hata kama viungo vinaonekana na mkunjo wa omo una ngazi. Akikosa jibu, vipande 9,090 havitamwokoa, na aliyetoa fedha zake ana haki ya kusema hakupata alicholipia.