Nani Mwema, Nani Mbaya? Kuhakiki Makundi Hasimu

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na swali linalotaka ujadili mgogoro baina ya makundi mawili katika tamthilia au riwaya teule. Aghalabu majibu hufuata njia moja: kundi hili hupewa sifa zote njema, lile hutwikwa lawama zote, kisha mtahiniwa hutia nukta. Alama hupatikana, ila chache.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, kijana wa Ukunda, ndiye aliyenizindua. Alinieleza mchezo wa kompyuta uitwao Fallout: New Vegas, uliotolewa mwaka 2010. Dunia imeteketezwa kwa mabomu ya nyuklia, na waliosalia wanagombania bwawa kubwa katika jangwa la Marekani. Jamhuri moja inaleta mahakama na kura, lakini pia kodi na ubabe wa dola iliyojitanua kupita uwezo wake. Jeshi la anayejiita Kaisari linasulubisha watu na kuwatia utumwani, ilhali wachuuzi wanasema barabara zake hazina majambazi. Mchezaji hana budi kuchagua. "Mwalimu," akasema, "pale sikupata wa kumshangilia."

Nikamwambia asiende mbali, Gazi ipo hapa Msambweni.

Mtazame Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, kana kwamba ni mhusika. Baba yake, mtawala wa mwisho wa Kimazrui huko Mombasa, alikamatwa kwa hila za Sayyid Said mwaka 1837, asirudi tena. Mwana akakua na kisasi, akaasi dhidi ya Sultani wa Unguja mara kadhaa. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alifariki. Mubarak bin Rashid (usimchanganye na Mbaruk wetu) ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kurithi kwa mila ya ukoo, lakini Kampuni ya Waingereza ikamtambua Rashid bin Salim, kijana aliyeielekea. Mbaruk, ambaye mwanzoni alisitasita, aliishia kumpa hifadhi jamaa yake. Agosti mwaka huo Waingereza wakaiteketeza ngome yake ya Mwele, bara ya Gazi. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Darasa langu lilikwisha mpa ushujaa. Alipigana na mkoloni, alimlinda ndugu, basi! Hapo msichana wa nyuma akauliza: "Na waliokuwa wakilima mashamba yake, wao walikuwa upande gani?"

Darasa lilinyamaza, na mimi pia. Gazi ilikuwa ya mabwana na watumwa, na katika madarasa yetu ya pwani huenda wamo vitukuu wa wote wawili, wameketi dawati moja. Je, Waingereza waliokuja wakihubiri ukombozi ndio wema? Walitangaza himaya yao tarehe 1 Julai 1895, lakini hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hii hadi 1907. Miaka kumi na miwili! Hawakutaka kuwaudhi wenye mashamba waliokuwa wakiwategemea. Sultani naye, ambaye bendera yake ndiyo iliyopeperushwa, hakuwa na mikono safi zaidi.

Sasa rudi kwenye kitabu. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ni rahisi kumwandika Gege kuwa msaliti na kukomea hapo, kwa kuwa alimuua nduguye Mwelusi. Mwulize mwanafunzi: nani alimwahidi binti wa mtawala? Utawala wa Bokono ulijuaje kwamba kijana huyu ananunulika? Maswali hayo humtoa Gege katika ubapa, na humfanya mtahiniwa aandike juu ya mfumo pamoja na mtu.

Lakini tahadhari. Ukishawafundisha wanafunzi utata huu, watakuandikia, "Pande zote zina makosa," na kuweka kalamu chini. Huo nao ni uvivu, tena mbaya kuliko ule wa kwanza kwa kuwa unajifanya busara. Kuwa na doa si kuwa na madoa sawa. Mwache mtahiniwa aseme kila kundi linaahidi nini, nani anailipia ahadi hiyo, na kama anayelipa amepewa kauli katika kazi yenyewe. Kisha apime, na athubutu kuhukumu kwa ushahidi wa matukio. Bokono hawi sawa na Mwelusi kwa sababu tu Mwelusi ni binadamu.

Swali la msichana yule nimelihifadhi. Muhula ujao kidato cha nne wataliandikia insha ya ukurasa mmoja kuhusu Gazi ya 1895, kwa sharti kwamba jina la Mbaruk lisitajwe katika aya ya kwanza.