Acheni Kuhangaika na DPI 72

Swali huja karibu kwa maneno yaleyale: "Picha zote nimeziweka DPI 72, mbona tovuti bado nzito?" Ni nzito kwa sababu hujazipunguza. Inasikitisha kwamba namba hiyo bado inafundishwa, na wapo wanaokataa kupokea picha mpaka iandikwe 72.

DPI ni maelekezo ya uchapaji: nukta ngapi zipangwe katika kila inchi ya karatasi. Tovuti haina karatasi. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000 ina pikseli milioni 12, iandikwe 300, iandikwe 72, hata iandikwe 1. Kinachobadilika ni namba ndogo tu ndani ya faili. Ukiandika "kilo 10" ubavuni mwa gunia la kilo 90, mchukuzi bado atabeba kilo 90.

Na hiyo 72 ina asili yake. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na kioo chenye pikseli 72 kwa inchi, ili maandishi yaonekane kwa ukubwa uleule yatakaokuwa nao karatasini. Kilikuwa kipimo cha kioo kile. Vioo vya simu nyingi za leo vinapita 250 kwa inchi.

Wapo wanaonijibu kwamba wao wakiweka 72 faili hupungua kweli. Hupungua, lakini si kwa sababu hiyo. Katika Photoshop, kile kisanduku kinachoruhusu pikseli zihesabiwe upya kikiwa na tiki, programu inatupa pikseli ili vipimo vya karatasini vibaki vilevile: upana wa 4000 uliokuwa kwenye 300 unashuka hadi 960. Kilichopunguza uzito ni pikseli zilizotupwa. Sasa chukua picha ya simu, ambayo mara nyingi huzaliwa ikiwa imeandikwa 72, ufuate kanuni hiyohiyo. Upana utabaki 4000. Mtu anaipandisha mtandaoni akiamini ameshaipunguza, na msomaji ndiye anayelipia MB hizo kwa bando lake. Kuionyesha ndogo kwenye ukurasa nako hakumsaidii, kwani faili zima linashuka kwanza.

Cha kufanya ni hiki. Hifadhi picha halisi, fanya kazi kwenye nakala. Angalia nafasi ya picha kwenye ukurasa: kama ni pikseli 800, punguza upana uwe 1600, itoshe vioo vyenye pikseli nyingi. Ukigawa upana na kimo kwa mbili, pikseli zinabaki robo. Kisha bana: JPEG kwa ubora wa 75 hadi 80, au WebP, ambayo kwa kawaida huwa nyepesi zaidi. Nembo na picha za maandishi, PNG. Kwa kazi hiyo, programu ya GIMP ni ya bure, na Squoosh hufanya kazi ndani ya kivinjari. Usihifadhi JPEG ileile tena na tena, kila mara inapoteza kitu. Ondoa taarifa za mahali ilipopigwa, hasa picha za watoto na za nyumbani. Na mpiga picha akitaka kukutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa njiani, na ukiikuza baadaye, kilichopotea hakirudi.