Majina ya Ukoo Yana Maana

Ukifungua Biblia utakuta mahali pengine ni majina matupu: fulani alimzaa fulani. Wengi wetu tunaziruka kurasa hizo. Tusiziruke. Kwa Waebrania jina lilikuwa neno lenye maana, kama kwetu mtu anavyoitwa Tabu au Masika.

Tuanze na Adamu. Kwa Kiebrania maana yake ni mtu, na linafanana na neno adama, yaani udongo. Hata sisi tunasema "mwanadamu". Isaka maana yake ni "anacheka". Mama yake, Sara, alicheka aliposikia kuwa atazaa uzeeni.

Raheli yeye alikufa kwa uzazi. Kabla ya kukata roho alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Yakobo, baba mtu, akalibadili jina. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Basi mtoto hakubaki na jina la msiba.

Je, orodha hizo zilikuwa na kazi gani? Zilionyesha nani ni wa ukoo gani. Kitabu cha Ezra, sura ya 2, kinaeleza habari za watu waliorudi kutoka Babeli. Wengine walidai ni wa ukoo wa makuhani. Majina yao yakatafutwa kwenye orodha, hayakuonekana. Wakaondolewa katika ukuhani.

Na wewe je, jina lako lina maana gani? Waulize wazee wangali hai. Kisha liandike. Kuandika unajua sasa.