Ukienda Mtwara kwa msiba, ongeza siku moja ya watoto

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya kusini, safari ya Mtwara ni ya msiba. Watu hupanda basi alfajiri, huzika au husoma hitima, kisha hurudi kazini. Watoto wanakua wakiijua Mtwara kama mahali pa kulia tu.

Mama mmoja wa watoto wawili, aliyekwenda huko kwenye arobaini ya bibi yake, aliamua safari hiyo isiishie msibani. Aliongeza siku moja na kumwomba kaka yake awatembeze. Kwa watoto huyo ni mjomba, na kwa Wamakonde mjomba si mtu mdogo.

Asubuhi walipanda daladala hadi Mikindani, mji mkongwe ulio kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Walianzia Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na sasa ni hoteli. Kutoka huko juu watoto waliona ghuba, minazi na mapaa ya mji wa zamani.

Walipoteremka, mjomba aliwasimulia habari za David Livingstone, Mskoti aliyepita Mikindani mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: Susi na Chuma, Waafrika walioanza naye safari hiyo, walikuwa miongoni mwa waliobeba maiti yake hadi Bagamoyo.

Kazi ilikuwa kwenye jengo linalojulikana kama Soko la Watumwa. Binti wa miaka 10 aliuliza ni nani aliyewauza watu. Mama alitaka kubadilisha mazungumzo, lakini mjomba alijibu. Aliwaeleza kuwa mateka waliletwa kwa miguu kutoka bara, wengi wakitoka upande wa Ziwa Nyasa. Wafanyabiashara wa pwani na wa Kiarabu waliwanunua, na wapo watawala wa Kiafrika waliowauza wenzao waliowateka vitani.

Binti akauliza tena kama watu wa ukoo wao waliuza au waliuzwa. Mjomba alikiri kuwa hajui, ila huenda ni yote mawili.

Mama alisema baadaye kuwa alihofia swali hilo lingemwogopesha mtoto. Badala yake, jioni walipokuwa ufukweni Shangani wakila ming'oko, binti ndiye aliyemweleza mdogo wake habari yote, taratibu, kwa maneno yake mwenyewe.

Mzazi mwenye siku ya pili anaweza kufika Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko kuna mchanga mweupe, mikoko na matumbawe, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ni vizuri kukodi gari imara kwa sababu ya mchanga, na kuuliza mapema kuhusu kiingilio. Mikindani, tafuta mwenyeji anayeijua historia, au mzee wa ukoo wako.

Kesho yake, basi lilipotoka stendi, mdogo aliuliza watarudi lini Mtwara, na kama ni lazima mtu afe kwanza. Mama alimjibu kuwa watarudi likizo ya Desemba.