Kupanga Herufi za Karatasi ya Kusomea

Mwalimu anapotayarisha karatasi ya kusomea kwa kompyuta, mara nyingi huchagua herufi zinazompendeza yeye. Tumeyaona matokeo yake: mtoto wa darasa la kwanza, aliyefundishwa kuandika a ya duara, alikutana na a ya chapa iliyopinda juu kama ndoana, akanyamaza. Hakushindwa kusoma, alionyeshwa herufi asiyoijua.

Kwa hiyo, kwanza, tuchague herufi zinazofanana na zile za ubaoni. Fonti iitwayo Andika, inayopatikana bila malipo, ilibuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma: a na g zake zimeumbwa kama za mkono, wala I kubwa haifanani na l ndogo.

Pili, ukubwa uwe pointi 24 hivi. Pointi 72 ni inchi moja. Tatu, tuongeze nafasi kati ya mistari, jicho lisiruke mstari. Nne, mistari ianzie sawa kushoto, lakini kulia tusiilazimishe kulingana, maana programu itatanua nafasi kati ya maneno. Wala neno kama ng'ombe lisikatwe mwishoni mwa mstari.

Hatimaye, kabla ya kutoa nakala za darasa zima, tumpe mtoto mmoja aisome mbele yetu.