Vifaa vya Kuanzia Soka kwa Wasichana: Nini Kinunuliwe Kwanza

Mwezi Oktoba 2022 timu yetu ya taifa ya wasichana wenye umri wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilishiriki Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Wasichana wa shule zetu wanaotaka kuufuata mfano huo hawakosi ari. Wanachokosa mara nyingi ni vifaa, na pale vinapopatikana huwa vimenunuliwa kwa mpangilio usiofaa.

Shule nyingi zinapopata fedha kidogo huanza na jezi. Sababu yake inaeleweka: jezi hupendeza, na hata picha zinazochapishwa katika jarida hili huvutia zaidi timu ikiwa imevaa sare. Lakini jezi haimkingi mchezaji na chochote. Kamati ya shule yenye fedha za kununua vitu viwili tu ingefanya vyema kununua mipira na kinga za ugoko, kisha ikafikiria viatu, na jezi zikaja mwisho.

Kinga za ugoko ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya 4 ya mpira wa miguu. Mwamuzi hatamruhusu mchezaji kuingia uwanjani bila kinga, nazo sharti zifunikwe na soksi. Iliyo sahihi huanzia juu kidogo ya kifundo cha mguu na kuishia chini kidogo ya goti. Zile ndogo zinazotoshea kiganjani, ambazo baadhi ya vijana huzipenda kwa kuwa ni nyepesi, huacha sehemu kubwa ya mfupa wazi. Vipande vya boksi vinavyochomekwa ndani ya soksi havihesabiki kuwa kinga. Kwa kuwa seti moja ya shule hutumiwa na wachezaji wengi, ioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri kabla ya kupewa mwingine.

Kuhusu mpira, namba iliyoandikwa juu yake ina maana. Mpira namba 5, wenye uzito wa gramu 410 hadi 450, ni wa watu wazima na unafaa kwa sekondari. Kwa wasichana wa shule ya msingi wanaoanza, namba 4 yenye gramu 350 hadi 390 hurahisisha kujifunza kupiga na kutuliza mpira bila kuumiza mguu. Nunueni pia pampu na sindano yake, maana mipira mingi hutupwa stoo kwa kukosa upepo tu.

Viatu ndivyo vinavyohitaji umakini zaidi. Viwanja vyetu vingi ni vya udongo mgumu wenye kokoto, wala si nyasi laini. Daluga zenye meno marefu ya chuma zimetengenezwa kwa ajili ya nyasi zenye unyevu. Kwenye udongo mkavu humfanya mchezaji ateleze, na kwenye nyasi kavu meno yanaweza kunasa wakati mwili unageuka, goti likaumia. Tahadhari hii inawahusu wasichana kwa namna ya pekee, kwa kuwa utafiti wa tiba ya michezo umeonyesha kuwa wao hupata majeraha ya kano za goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Chagueni viatu vyenye meno mengi, mafupi, ya mpira.

Viatu vya mtumba vinakubalika iwapo soli haijaachia na meno hayajaisha upande mmoja. Msichana ajaribu kiatu mwenyewe, jioni ikiwezekana kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana, akiwa amevaa soksi ya kuchezea. Kisigino kisipande anapotembea, na mbele ya vidole ibaki nafasi ndogo. Mzazi anayenunua kiatu kikubwa ili kidumu miaka miwili anamnunulia mwanawe malengelenge. Pale ambapo viatu havitoshi timu nzima, mazoezi yafanyike wote pekupeku au wote wakiwa na viatu. Daluga moja kati ya miguu mitupu ni hatari kubwa.

Yapo mahitaji ambayo walimu wa michezo, hasa wanaume, huona haya kuyataja, na kwa sababu hiyo wasichana huacha mchezo kimyakimya. Sidiria ya michezo inayobana vizuri bila kuzuia pumzi ni kifaa kama kiatu. Bukta ziwe za rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea, na sanduku la huduma ya kwanza liwe na taulo za kike. England waliacha bukta nyeupe kwa timu yao ya taifa ya wanawake mwaka 2023 baada ya wachezaji wenyewe kueleza wasiwasi wao wakati wa hedhi.

Hijabu imeruhusiwa rasmi tangu 2014. Iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, isiunganishwe na jezi, na isiwe na sehemu inayoning'inia. Ile ya kitambaa kinachovutika, inayovaliwa bila pini, ndiyo salama. Taiti za ndani zifanane rangi na bukta. Hereni, bangili na mikufu vivuliwe nyumbani, kwani kuvifunika kwa plasta hakukubaliki.

Walimu wakuu wanaoandaa timu kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA wanashauriwa kuwasilisha orodha ya mahitaji kwa Afisa Michezo wa Halmashauri kabla ya kununua, wakitaja idadi ya wachezaji, namba ya kiatu ya kila mmoja na aina ya uwanja wanaoutumia.