RAPORTI NZURI INAOKOA MTU

Ndugu mfanyakazi, tuseme unakaa Mangobo, Kisangani, na kazi yako ni kuchimba almasi. Mwenzako ameanguka ndani ya shimo. Unamwandikia kapita: "Alipata kizunguzungu, akaanguka." Kesho mwingine anashuka mule mule. Karatasi yako haimlindi, kwani haikusema kwamba moteri ya pompi ilikuwa ikifanya kazi chini ya shimo. Moshi wa moteri una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua.

Fanya hivi:

1. Mbele ya kuandika, jiulize: nani, wapi, siku gani, saa ngapi, nini kilitokea? Tia majibu kwenye kipande cha karatasi.

2. Fuata utaratibu: lililotokea kwanza liandikwe kwanza.

3. Tia hesabu. Usiseme "shimo refu"; sema "metri 6". Usiseme "asubuhi", sema "saa 3 ya asubuhi".

4. Tenga uliyoyaona na unayoyawaza. "Moteri ilikuwa chini": umeona. "Labda alikuwa amelewa": unawaza tu, usiandike kama ni kweli.

5. Mwisho, sema kifanywe nini: "Moteri iwekwe juu, mbali na mdomo wa shimo. Mtu asishuke mpaka hewa mbaya itoke."

Kisha msomee mama wa nyumbani ao mtoto. Kama hakuelewa, andika tena.

Raporti si ya kumshitaki mwenzako. Ni ya kumrudisha kwake mzima.